Klachi ya pikipiki kuukuu ya theluji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu nimewaandikia watu wetu wanaoishi kwenye theluji, Minnesota, Maine, Manitoba na kwingineko, walionunua pikipiki ya theluji ya zamani kwa jirani na sasa wanashangaa inavyonguruma kwa nguvu bila kwenda. Huku wenyewe tunaiita sledi, nami nitaiita hivyo. Ninayoijua kwa mikono yangu ni Polaris Indy 500 ya miaka ya 1990, yenye injini ya mipigo miwili na kabureta, aina iliyotoka Roseau, mji mdogo wa Minnesota karibu na mpaka wa Kanada. Mengi nitakayosema yanafaa pia kwa Ski-Doo, Arctic Cat na Yamaha za umri huo, lakini vipimo hutofautiana. Tafuta kitabu cha mashine yako. Namba iliyomo humo inashinda yangu.

Klachi hii inafanyaje kazi, mbona hakuna giya?

Kuna puli mbili na mkanda mmoja wa mpira. Kama uliwahi kufungua skuta ya otomatiki Mombasa au Dar es Salaam, umeshaiona: ni mpango ule ule, ila mkanda ni mpana zaidi na unabeba nguvu nyingi zaidi. Tofauti ni kwamba skuta ina klachi ya peke yake kule nyuma. Kwenye sledi, puli ya mbele ndiyo inayoshika na ndiyo inayobadilisha mwendo.

Puli ya mbele imefungwa kwenye kranki shafti ya injini. Ina sahani mbili, kama faneli mbili zilizokutanishwa ncha. Moja haisogei, nyingine inateleza. Nyuma ya ile inayoteleza kuna vyuma vitatu vya uzito vilivyopinda kama vidole. Injini ikizunguka kwa kasi, vyuma hivyo hufunguka kwenda nje, vinaegemea rola, na kuisukuma sahani ije kuubana mkanda. Springi kubwa iliyo katikati inasukuma kinyume. Mwendo wa sledi nzima unaamuliwa na mvutano huo: vyuma vinafunga, springi inafungua.

Mkanda ukibanwa mbele unapanda juu kwenye puli, na kwa kuwa urefu wake haubadiliki, kule nyuma unazama ndani na kuzitenganisha sahani za puli ya pili. Mbele inafunga, nyuma inafunguka, na hapo ndipo giya inapanda. Puli ya nyuma nayo ina springi ya kujisokota na chuma chenye miteremko iliyopinda, kiitwacho heliksi. Ukiingia kwenye theluji nzito au ukianza kupanda mlima, ule uzito wa treki, yaani ukanda mpana wa chini unaoikokota sledi kwenye theluji, unaigeuza heliksi, nayo inabana mkanda tena na kuurudisha kwenye giya ndogo. Watu wengi huisahau puli ya nyuma kwa sababu haina vyuma vinavyoruka. Mimi pia niliisahau kwa miaka miwili.

Nitajuaje kwamba tatizo ni klachi na si injini?

Anza na injini. Klachi haiongezi nguvu, inapeleka ile iliyopo tu. Pima mgandamizo wa silinda zote mbili, na kama zinatofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, acha klachi kwanza. Angalia plagi, safisha kabureta, hakikisha petroli si ya mwaka jana. Injini ya mipigo miwili inayokosa petroli ya kutosha hutoboa pistoni, na hakuna uzito wa klachi utakaoiokoa.

Injini ikiwa nzima, sikiliza. Sledi inayotaka kutambaa yenyewe hata hujabonyeza mafuta, mara nyingi mkanda wake umebana mno au mngurumo wa chini umewekwa juu. Inayoshika kwa kishindo huwa na rola zenye pande bapa au bushi zilizokwisha. Inayopiga resi sana bila kwenda, mkanda unateleza. Na ile inayokwenda vizuri hadi upunguze mafuta, kisha ukibonyeza tena inakohoa na kusitasita, ina puli ya nyuma iliyochafuka au springi iliyochoka, kwa hiyo hairudi kwenye giya ndogo upesi.

Zima injini baada ya mwendo wa dakika kumi hivi, ondoa kinga, uguse puli kwa tahadhari. Ukiweza kuziwekea kiganja bila kukiondoa, mambo ni mazuri. Puli moja ikiwa ya moto kuliko nyenzake, utelezi uko kwenye hiyo.

Nianze na nini?

Anza na usafi. Nalirudia kwa kila anayenipigia simu, na kila mara naulizwa vyuma gani vya kununua. Nami niliwahi kumlipa fundi anibadilishie vyuma vya uzito na springi ya mbele, pesa nyingi kwangu wakati ule, na sledi ikabaki vile vile. Majira yaliyofuata nikaifungua puli ya nyuma mwenyewe nikakuta imejaa unga mweusi wa mpira, na vitufe vya plastiki vinavyoteleza juu ya heliksi vimeliwa hadi karibu na chuma. Vitufe vipya, dawa ya kusafishia breki, na saa moja ya kazi. Ile mashine ikawa nyingine kabisa.

Toa mkanda. Puliza unga wote kwa hewa ya kompresa, na ufunike pua na mdomo kwa sababu unga huo si wa kuvuta. Futa nyuso za sahani kwa asetoni au dawa ya breki na kitambaa safi. Kama kuna mpira uliogandia, sugua kwa brashi ya kijani ya kuoshea sufuria, ile ngumu, kwa mwendo wa kuzunguka. Usitumie msasa mkali. Ukipitisha ukucha kwenye uso wa sahani kutoka ndani kwenda nje na ukahisi bonde, sahani hiyo imekwisha na kusafisha hakutasaidia.

Mkanda unaonekana mzima. Nibadilishe?

Usiuamini kwa macho, pima. Tumia kalipa upande mpana, sehemu tatu tofauti. Mkanda uliopungua upana kwa milimita 1.5 hivi kuliko ulivyokuwa mpya umeanza kukudanganya: unakaa chini zaidi kwenye puli ya nyuma, unachelewa kushika, na unakunyima ile kasi ya juu. Angalia pia kama pembeni pana kioo, yaani mng'ao wa mpira ulioungua. Ukiona bonde lililochomeka mahali pamoja tu, treki iliganda chini nawe ukabonyeza mafuta. Usiku wa baridi kali treki hushikana na barafu, kwa hiyo asubuhi inua sehemu ya nyuma kwa mkono na uiachie idunde kabla ya kuondoka.

Mkanda mpya uoshe kwa maji ya moto na sabuni kuondoa nta ya kiwandani, uache ukauke, kisha kilomita 50 za kwanza uende kwa mwendo wa kubadilikabadilika, usibonyeze mafuta hadi mwisho. Wa zamani usiutupe kama bado una upana. Ukae chini ya boneti. Nilishawahi kumpa jirani wangu akiba yangu katikati ya msitu, kilomita 30 kutoka barabara ya lami, giza likiingia.

Nitaitoaje klachi ya mbele?

Hapa ndipo watu wanapoharibu injini. Klachi ya mbele, yaani ile puli ya mbele, haijafungwa kwa funguo wala meno. Imekaa kwenye shafti iliyochongoka kama ncha ya penseli, na inashikwa na ule mbano tu. Baada ya miaka 30 mbano huo ni mkali. Ukiigonga kwa nyundo unaipindisha kranki shafti, na hiyo ni kazi ya kufungua injini nzima.

Nunua pula ya klachi yako, bolti refu ya chuma kigumu. Toa bolti ya katikati, ingiza pula, na kaza. Ikigoma, kuna mbinu ya wazee wa huku: toa pula, jaza maji kwenye tundu, zungushia nyuzi za pula tepu nyeupe ya mafundi bomba, urudishe na kukaza. Maji hayabanwi, kwa hiyo yanaisukuma klachi itoke. Unasikia mlio kama wa fimbo kuvunjika na klachi inaachia. Weka kitambaa chini, na baadaye kausha kila kitu, hasa kwenye gereji isiyo na joto.

Unaporudisha, shafti na tundu la klachi vifutwe kwa asetoni vikauke kabisa. Hakuna grisi, hakuna oili, hakuna dawa ya kuzuia kutu. Kwenye Indy za kabureta bolti inakazwa kwa futi-pauni 40 hadi 45, yaani karibu nyutoni-mita 54 hadi 61. Endesha kidogo, zima, kisha kaza tena kwa kipimo kile kile. Ski-Doo zenye klachi ya TRA, ile inayorekebishwa kwa skrubu, zina utaratibu wao wa kukaza, usiwekee namba ya Polaris.

Ndani ya klachi ya mbele niangalie nini?

Kabla ya kufungua kifuniko, weka alama. Polaris wenyewe wamepiga herufi X kwenye kifuniko, kwenye chuma cha mikono mitatu cha katikati, na kwenye sahani inayoteleza. Zile X tatu lazima zirudi mstari mmoja, la sivyo klachi haitakuwa na mizani na itatetemesha injini hadi iue beringi. Kifuniko kina springi iliyobanwa chini yake: legeza bolti zote sita kidogo kidogo kwa zamu, ukikibana kwa mkono.

Zungusha kila rola kwa kidole. Izunguke laini, bila kukwama, bila upande bapa. Tikisa kila chuma cha uzito kwenye pini yake, kisiyumbe. Angalia vile vitufe vya plastiki kwenye mikono mitatu, vinavyozuia sahani isicheze kulia na kushoto. Kisha shika kifuniko kwenye shafti yake uone kama bushi yake imelegea. Hapo umefanya ukaguzi wa kweli.

Kama rola au pini zimekwisha na lazima ule mkono wa katikati utoke, peleka kwa duka lenye zana. Umekazwa kwa nguvu ya futi-pauni 200 hivi, na kuuzungusha kwa bomba refu kwenye vaisi ya nyumbani kumevunja klachi nyingi.

Nipake grisi kwenye bushi ili iteleze?

Usipake. Grisi inakamata unga wa mkanda na kuwa kama tope la msasa, na ikirushwa kwenye mkanda utateleza. Klachi hizi zinafanya kazi zikiwa kavu.

Puli mbili zikae vipi?

Toa mkanda, tumia chuma cha kupimia cha mashine yako. Kwa Polaris nyingi za wakati huo, umbali kati ya vitovu viwili ni inchi 12, na puli ya nyuma imesogea kando kwa inchi 5/8. Kusogeza kando kunafanywa kwa kuongeza au kupunguza washa kwenye shafti ya nyuma. Kama umbali wenyewe au pembe imekosewa, mara nyingi kosa liko kwenye mipira ya kushikilia injini: ikichoka, injini inavutwa nyuma kila unapobonyeza mafuta, na kipimo kilichokuwa sawa mashine ikiwa imesimama hakiko sawa tena unapoondoka. Mipira ile ni rahisi kuliko mikanda itakayokatika.

Mkanda ulegee kiasi gani?

Weka rula ndefu juu ya mkanda kutoka puli hadi puli, bonyeza mkanda katikati. Polaris wanataka ushuke inchi 1 1/8 hadi 1 1/4, kama milimita 29 hadi 32. Ski-Doo nyingi za zamani ziko hapo hapo, milimita 32, ukibonyeza kwa uzito wa kilo 11.3. Ukilegea zaidi, sledi inachelewa kushika na kuvuta. Ukibana, inatambaa yenyewe hata hujabonyeza mafuta, na hilo si jambo la kuvumilia mahali penye watoto.

Sasa nimesafisha na kupima kila kitu. Nirekebishe vipi?

Tafuta namba moja tu: mizunguko ambayo injini yako inatoa nguvu zake za juu. Kitabu kinaitaja. Injini za mipigo miwili zinazopozwa kwa maji za miaka hiyo mara nyingi ziko kati ya 7,500 na 8,500 kwa dakika, na zile zinazopozwa kwa feni huwa chini ya hapo. Kazi yote ya urekebishaji ni kuifanya injini ikae kwenye namba hiyo tangu unapobonyeza mafuta hadi mwisho, sledi ikiwa inaongeza kasi. Klachi iliyo sawa inashangaza: mshale wa mizunguko unasimama pale pale huku mshale wa kasi ukizidi kupanda.

Tafuta ziwa lililoganda vizuri au njia tambarare ya theluji iliyoshindiliwa. Pasha injini moto, bonyeza hadi mwisho, soma mshale, andika kwenye karatasi pamoja na joto la siku hiyo. Fanya mara tatu. Halafu badilisha kitu kimoja tu, urudie. Anayebadilisha springi na vyuma siku moja hatajua kipi kilifanya nini.

Mizunguko ikiwa chini ya namba, vyuma ni vizito, punguza. Ikiwa juu, ongeza. Kama kianzio, gramu 1 kwa kila kimoja cha vyuma vitatu hubadilisha mizunguko karibu 100, lakini chukua hilo kama makadirio na umwamini mshale. Vyote vitatu viwe na uzito sawa kabisa. Vipime kwenye mizani ya sonara kama unayo. Wenye TRA wana bahati: kuna skrubu tatu zenye namba 1 hadi 6, kila hatua kama mizunguko 200, na namba kubwa inapandisha. Zote tatu ziwe namba moja, na usizitoe kabisa nje, kwani washa zitaanguka ndani.

Na springi? Nimeona za rangi nyingi.

Rangi ya kampuni moja haina maana kwa nyingine. Uliza nguvu zake mbili: ya mwanzo, springi ikiwa imewekwa tu, na ya mwisho, klachi ikiwa imefunga kabisa. Ya mwanzo ndiyo inayoamua sledi ishike kwenye mizunguko mingapi. Kwa matembezi ya kawaida, 3,000 hivi hadi 4,000 inatosha. Wa mashindano wanataka juu zaidi, na mikanda yao wanailipia. Ya mwisho inapandisha au kushusha mizunguko ya kasi kubwa. Springi huchoka hata isipokatika. Kama yako ni ya tangu mashine ilipotoka kiwandani, badilisha na mpya ya aina ile ile kabla ya kujaribu nyingine.

Ya nyuma ina matundu kadhaa ya kuikazia. Tundu la kukaza zaidi linabana mkanda vizuri na kurudisha giya upesi, na kupandisha mizunguko kidogo. Kuhusu heliksi, pembe kubwa inapandisha giya haraka na kushusha mizunguko, pembe ndogo kinyume chake. Wengi hawatahitaji kuigusa kamwe.

Nikienda milimani?

Aliyewahi kutoka Mombasa hadi Limuru na lori lililopakia anajua injini inavyochoka hewa ikipungua. Injini hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Sledi iliyorekebishwa Minnesota, ikifika West Yellowstone, Montana, mahali palipo juu ya mita 2,000, ina vyuma vizito kuliko nguvu iliyobaki, na mizunguko itashuka. Punguza uzito. Lakini kwanza badilisha jeti za kabureta, vile vitundu vya kupitishia petroli, kwa kuwa kule juu petroli inakuwa nyingi kuliko hewa, na ukianza na klachi utarekebisha mara mbili. Ukirudi chini, jeti kubwa zirudi kabla ya kuwasha kwa safari: jeti za mlimani zikitumika kwenye baridi ya tambarare zinaunguza pistoni.

Naweza kuijaribu gereji bila kinga wala mkanda?

Usithubutu. Bila mkanda, puli ya mbele haina mzigo wowote, inaruka kwenye mizunguko mikubwa mno na inaweza kupasuka. Kinga ya klachi ipo kwa ajili ya vipande hivyo na mkanda unaokatika. Ukiinua nyuma kwenye stendi, pasiwe na mtu nyuma ya treki, kwani hurusha mawe na vyuma kama risasi.

Theluji ikiyeyuka nifanye nini na klachi?

Toa mkanda, uutundike au uulaze mahali pakavu bila kukunjwa. Ukibaki umebanwa miezi saba unachukua umbo la puli, na unyevu unaokaa kati ya mpira na chuma unaacha kutu yenye sura ya mkanda kwenye sahani. Safisha puli mara moja, zikiwa bado na unga wa majira yaliyopita, usingoje Novemba. Ziba bomba la hewa na ekzozi kwa matambara, kwa kuwa panya wa huku wanapenda kujenga chini ya boneti, na nimewahi kukuta kiota kizima, majani na pamba ya kiti, ndani ya kinga ya klachi. Funga kamba nyekundu kwenye usukani ya kukukumbusha kwamba mkanda haupo, ili yeyote atakayeiwasha mwezi Desemba aione kabla ya kuvuta kamba ya injini.